Hesabu za wagonjwa wetu zinapita kwa programu ya bure. Nani anaitengeneza?

Kila mwanzo wa mwezi, katika zoni za afya 27 za Haut-Katanga, kazi ni ile ile. Muuguzi mkuu wa kituo, yule tunaita IT, anajaza karatasi za SNIS: malaria ngapi, kuhara ngapi, watoto wangapi walipata chanjo ya surua, wamama wangapi walizalia kituoni. Karatasi zinafika ku biro ya zoni, BCZ, na pale mtu anakaa mbele ya odinatere na kuziingiza moja moja. Umeme ukiwepo. Koneksio ikiwepo. Kisha mkubwa fulani ku Kinshasa anafungua ekrani yake na kuona Kampemba, Kasenga ao Pweto iko namna gani.

Programu inayobeba kazi hii yote inaitwa DHIS2. Wenye kufanya kazi ya afya wanaijua sana, wengine wanaitukana kila mwezi. Lakini watu wachache wanajua kama programu ile ni ya bure, na wachache zaidi wanajua kwamba chini yake kuko vipande vingine vya bure, vidogo sana, vilivyotengenezwa na watu ambao hawajafika Kongo hata siku moja. Kimoja kati ya vipande vile njo habari yetu ya leo. Tunakizungumzia sasa juu wakati wa franga za wageni umebadilika, na swali la nani anatengeneza nini limekuwa letu.

Tuanzie pale. Tarehe 20 Januari 2025, rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ikafungwa rasmi. Hapa kwetu USAID ilikuwa inagharamia kazi ya afya katika majimbo mengi: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika, Sud-Kivu na mengine. Semina nyingi, mega za koneksio, odinatere za BCZ, vilitoka kwenye kapu lile. Mwanzo wa 2025 kulitokea jambo ambalo halikusemwa sana kwenye redio: mfumo wa Wamarekani wa kuhesabu wagonjwa wa ukimwi wanaowasaidia duniani, unaoitwa DATIM, ulizimwa. DATIM imejengwa juu ya DHIS2 ile ile. Lakini DHIS2 ya wizara zetu haikuzimika kwa amri ya Washington, kwa sababu programu yenyewe si mali ya Washington. Inatengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, ku Norway, na mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuisha. Kenya iliitandaza nchi nzima mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Rwanda wako nayo. Sisi Wakongo tuliichukua katikati ya miaka ya 2010.

Kusema programu ni ya bure kuna maana mbili, na watu wanachanganya. Ya kwanza: haulipi. Ya pili, na hii njo kubwa: maandishi ya ndani, wanayoita kodi (siyo ile ya DGI), yamewekwa wazi. Unaweza kuyasoma, kuyabadilisha, kuyatumia kwako, na kurudisha ulichotengeneza kusudi wengine wote wapate. Kongo tunajua sana maana ya kwanza. Ya pili tunaisikia tu.

Sasa tushuke chini ya DHIS2. Programu hii imeandikwa kwa lugha ya Java. Hesabu zenyewe, yaani kila namba ya kila kituo, hazikai ndani ya programu. Zinakaa katika ghala la data linaloitwa PostgreSQL, ambalo nalo ni la bure. Kazi yake ilianza mwaka 1986 katika chuo cha Berkeley, California. Java inasema lugha yake, ghala linasema lugha yake. Katikati lazima kuwe mtu wa kuvusha. Wasomi wanaosoma Kifaransa wanamuita piloti. Hapa Lubumbashi tungemuita shofere, na mfano uko karibu: shofere wa lori anayevuka Kasumbalesa. Huku kwetu anaendesha upande wa kuume. Akiisha kupita barriere ya Zambia, anahamia upande wa kushoto. Mzigo ni ule ule, barabara ina sheria nyingine, na yeye njo anapaswa kujua sheria zote mbili bila kuchanganya. Siku anachanganya, kunakuwa ajali.

Shofere huyu wa PostgreSQL upande wa Java anaitwa pgjdbc. Yuko kazini tangu mwaka 1997. Ni faili moja, uzito wake kama megabaiti 1. Haiko katika DHIS2 peke yake. Programu nyingi za Java zinazoweka vitu katika PostgreSQL, ikiwa ya banki ao ya shirika la ndege, zinampitia yeye. Na watu wanaomtunza kila siku ni kundi dogo. Wengi wanakuja, wanatengeneza kitu kimoja, wanaondoka. Wachache njo wanabaki na mzigo wa miaka.

Kuona uzito wa kazi hii, tuangalie ajali moja ya kweli. Mwezi wa pili 2024, shimo la usalama lilitangazwa ndani ya pgjdbc. Liliandikishwa kwa namba CVE-2024-1597 na likapewa alama 10 juu ya 10 kwa ubaya. Sababu yake inashangaza kwa udogo. Katika lugha ya ghala la data, alama ya kutoa, ile ya hesabu za shule, ikiandikwa mara mbili mfululizo ina maana nyingine: inaambia ghala kwamba maneno yanayofuata kwenye mstari ule ni maelezo tu, usiyafuate. Basi programu ikiwa imeandika alama ya kutoa mbele ya nafasi ya namba, na mtu akaleta namba iliyo chini ya sifuri, yenye alama yake ya kutoa, zile mbili zinakutana. Sehemu ya amri inafutika palepale, na mwenye nia mbaya anaweza kuingiza amri yake mwenyewe. Anaweza kuuliza yasiyomhusu, ao kufuta. Dawa ilikuwa nyepesi: kufunga kila namba ndani ya mabano kusudi alama zisigusane. Ikatoka katika toleo 42.7.2, pamoja na matoleo kadhaa ya zamani yaliyozibwa siku ile ile.

Tusiogopeshe watu bure. Shimo lile lilihusu tu wale waliobadilisha namna ya kawaida ya shofere huyu na kumweka katika namna inayoitwa sahili. Mtu ambaye hakugusa mpangilio hakuwa hatarini. Lakini unaona kama alama ndogo vile, iliyokaa pale miaka mingi, ilipita mbele ya macho ya maelfu ya watu wa kazi, mpaka mtu mmoja akauliza: na kama namba iko chini ya sifuri? Juni 2025 shimo lingine, tofauti, likazibwa kwa toleo 42.7.7. Kazi haiishi.

Hapa njo tunafika kwetu. Makosa ya namna hii yanaonwa na yule anayeishi mahali yanapotokea. Kuna makosa ambayo mtu wa Oslo ao wa Canada hawezi kuota, hata awe fundi namna gani, juu maisha yake hayamuletei.

Mfano wa kwanza ni saa. Nchi yetu iko na saa mbili. Lubumbashi, Kivu, Ituri, Kasai, sisi wote tuko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Weka mtoto aliyezaliwa katika komini ya Kenya (yetu, siyo nchi ya majirani) saa sita na dakika ishirini za usiku, tarehe 1 Novemba. Wakati ule ule ku Kinshasa ni saa tano na dakika ishirini, bado tarehe 31 Oktoba. Shofere pgjdbc, anapofungua mlango wa ghala, anaambia ghala saa ya mashini aliyotoka. Mashini ilipowekwa, fundi alionyeshwa orodha ya miji: ndani yake kuko Africa/Kinshasa na kuko Africa/Lubumbashi. Fundi wengi wanachagua mji mkuu, ni kawaida. Kisha programu ikihifadhi siku peke yake bila saa, mtoto wetu amehamia mwezi uliopita.

Kwa karatasi za SNIS haina shida, maana ni jumla za mwezi zilizohesabiwa kwa mkono katika rejista. Lakini mifumo inayoandika kila mtu na saa yake, kama lupitalo inayoandikisha wagonjwa usiku, ao kampuni ya mgodi inayolipa posti ya usiku kwa masaa, hiyo inaguswa. Mfanyakazi anayeingia kazini usiku wa tarehe ya mwisho ya mwezi anaweza kuona saa yake moja imeanguka mahali ambapo mhasibu haitafuti. Kosa si la shofere peke yake: mashini, shofere na mwandishi wa programu, wote watatu wako ndani. Ila nani atalifuata mpaka mwisho, kama siyo mtu wa nchi yenye saa mbili?

Mfano wa pili ni umeme, na hapa hakuna mtu wa Lubumbashi atakayehitaji maelezo marefu. Pgjdbc akijaribu kufikia ghala, anangoja sekunde 10 tu. Asipopata, anarudi na kusema hakuna njia. Vizuri. Lakini akiisha kuingia, akauliza swali, kisha njia ikakatika katikati, mpangilio wake wa kawaida ni kungoja jibu bila mwisho. Mpangilio ule unaitwa socketTimeout na umewekwa kwenye sifuri, maana yake usichoke. Kule koneksio haikatiki, mpangilio huu haumsumbui mtu. Hapa SNEL inakata, ruta inalala, ghala liko mtaa mwingine ao nchi nyingine, na programu ya depo ya dawa inabaki inazunguka, inazunguka. Muuzaji anafikiri programu ni mbaya. Anazima mashini kwa nguvu, anaiwasha tena, mteja ameshaenda. Kumbe ingetosha kuandika namba moja, tuseme sekunde 60, pale mpangilio unapowekwa. Programu ingekata tamaa mapema, ikasema wazi kwamba njia imekatika, na ikajaribu tena.

Je, sifuri ile ibaki sifuri kwa dunia nzima? Kuna hoja pande zote mbili: kuko watu wenye maswali ya ghala yanayochukua saa nzima, na wakiwekewa kikomo kazi yao itakatwa bila sababu. Lakini mjadala wa namna ile unaendeshwa na wenye ushahidi, na ushahidi wa delestaji tuko nao sisi, wa kutosha kujaza vitabu. Hatujaupeleka.

Kuupeleka kunafanyika namna gani? Si kwa barua ya heshima kwa mkurugenzi. Kodi ya pgjdbc iko mahali pa wazi ku intaneti. Mtu anafungua akaunti, haulizwi diploma. Akiona kosa, anaandika: nilitumia toleo hili, nilifanya hivi, nilingoja hiki, nikapata kile. Akiweza, anaongeza kipande kifupi cha programu kinachofanya kosa litokee tena mbele ya macho ya kila mtu. Hicho kipande kifupi kinashinda malalamiko ya kurasa tano. Akiweza zaidi, anapendekeza dawa. Pendekezo lake linajaribiwa na mashini kwa matoleo mbalimbali ya Java na ya PostgreSQL, kisha watunzaji wanalisoma, wanauliza, wanakataa ao wanaomba arekebishe. Inaweza kuchukua siku mbili ao miezi sita. Hailipwi. Lakini likikubaliwa, linaenda Kolwezi, Kampala, Tokyo na Oslo katika toleo lile lile.

Asiyeandika Java naye iko na mahali. Maelezo ya namna ya kutumia yanahitaji kusahihishwa. Hata maneno ambayo shofere huyu anatoa kosa likitokea yametafsiriwa: Kifaransa kiko, Kijapani kiko, Kireno cha Brazil kiko. Kiswahili hakimo.

Msomaji atasema: hizi ni ndoto za wazungu, sisi tutafute kwanza unga. Tuangalie basi majirani. Mwaka 2006, ku Eldoret, magharibi ya Kenya, vituo vya AMPATH vilivyokuwa vinatunza wagonjwa wa ukimwi vilianza kutumia OpenMRS, programu ya bure ya kuandika faili za wagonjwa. Ilibuniwa pamoja na Wamarekani, ni kweli, lakini Wakenya, Waganda na Wanyarwanda waliingia ndani ya kodi yenyewe, hawakubaki kwenye kiti cha kubonyeza. Leo kati ya mafundi wanaojulikana duniani kote katika OpenMRS kuna watu wa Kampala. Walianza kwa kutengeneza makosa madogo madogo, bila malipo. Kazi yenye mshahara ilikuja nyuma, juu jina la mtu katika kodi ya wazi linasomeka na kila mwajiri, hakuna haja ya kubembeleza mtu.

Lubumbashi haikosi vijana. UNILU iko, shule kuu ya informatiki Salama iko, na vyuo vingine vinatoa wahitimu kila mwaka. Vijana hawa wanatumia pgjdbc na ndugu zake katika mazoezi yao ya mwisho wa masomo: programu ya duka, programu ya shule, programu ya parokia. Mara nyingi kazi ile inatetewa mbele ya jury, inapata alama, inalala ndani ya USB. Kwa maoni yangu hapo njo tunapoteza. Profesa mmoja angeweza kukubali kwamba kosa moja lililoripotiwa vizuri na kukubaliwa na watunzaji wa programu ya kweli lina thamani kuliko programu ya tano ya kusimamia maktaba ambayo hakuna maktaba inayoitaka. Haihitaji bajeti ya wizara.

Vizuizi viko, na si vidogo. Mega ni ghali. Mazungumzo ya kazi hizi yanafanyika kwa Kiingereza, na vijana wetu wamesoma kwa Kifaransa. Fundi wa shirika ao wa kampuni ya mgodi mara nyingi hana ruhusa ya kutoa nje chochote alichotengeneza kazini, hata mistari mitatu, na wakubwa wake wanafikiri kutoa bure ni kuibiwa. Hapa tuseme wazi: kampuni ile ile imechukua bure maelfu ya mistari ya watu wengine na haijalipa hata franka moja. Kurudisha mistari mitatu haiipunguzii shaba.

Na kuko hatari ya upande mwingine, ya kuacha mzigo kwa mtu mmoja aliyechoka. Machi 2024 dunia iliponea kidogo. Andres Freund, fundi ambaye ni mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kuingia katika mashini kwa mbali kunachelewa karibu nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, kipande kingine kidogo cha bure cha kubana mafaili. Aliyeuweka alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujifanya msaidizi mwema wa mtunzaji mmoja aliyelemewa, mpaka akapewa funguo. Kile kipande kilikuwa njiani kuelekea mashini nyingi sana duniani. Kama Freund angekuwa mtu wa kusema "ah, ni koneksio tu", kama tunavyosema hapa kila siku, hatujui ingegunduliwa lini.

Kwa majimbo ya mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi wa kwanza 2025, Bukavu mwezi wa pili. Kolera na mpox hazikungoja vita iishe. Wakati barabara imefungwa na mradi umefungwa, namba ya wagonjwa inayofika kwa wakati ni kati ya vitu vichache vinavyoweza kuleta dawa mahali panapostahili. Namba ile inapita mikononi mwa muuguzi, ya mwingizaji wa data, ya DHIS2, ya shofere, ya ghala. Wawili wa kwanza tunawajua kwa majina na tunajua kama wamelipwa ao hapana. Wengine tumewaachia watu wa mbali, bila hata kuwaambia pale wanapokosea kwetu.

Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi katika BCZ, lupitalo, depo ao biro yenye programu ya Java na PostgreSQL, kuko maswali ya kumuuliza fundi wenu wiki hii. Mashini ya serva imewekwa saa ya Kinshasa ao ya Lubumbashi, na nani aliamua? SocketTimeout iko kwenye sifuri? Na pgjdbc ni toleo gani? Akikujibu toleo lililotangulia 42.7.2, na si moja ya yale ya zamani yaliyozibwa mwezi wa pili 2024, mwambie apandishe toleo, kwanza katika mashini ya majaribio, kisha katika ile ya kazi. Ni megabaiti 1. Haitamaliza mega zake.